Uliza Shangazi: Nimemwachia Mungu, mbona bado silali?

Mwezi huu nina barua tatu, na ukizisoma pole pole utaona zote zinauliza kitu kimoja, kazi yangu inaishia wapi na ya Mungu inaanzia wapi. Ya kwanza ilikuwa ndefu sana nimeipunguza, mwenyewe anisamehe.

*Bwana asifiwe Shangazi. Mimi ni mjane, niko Busia upande wa Uganda, nauza mitumba. Mume wangu alikufa ajali ya barabarani, ameniacha na watoto wanne. Toka siku hiyo kila kitu nashika mimi. Kijana wangu wa kwanza amemaliza Senior Six, mwisho wa sekondari, alisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, tulikubaliana awe daktari na fizi nimelipa kwa jasho. Sasa yuko likizo anangoja matokeo, kumbe kila siku anaenda kwa fundi wa umeme hapa stendi, juzi ananiambia mama mimi udaktari siutaki nataka umeme. Nililia. Nikamnyang'anya simu na fomu ya chuo nitamjazia mwenyewe. Dukani nina msichana wa kunisaidia lakini nikienda soko la Owino Kampala kuchukua mzigo nampigia simu kila saa, nikirudi nahesabu nguo mara mbili. Mashemeji nao wanataka kibanja, hiki kipande cha ardhi tunachokaa. Usiku silali, moyo unapiga tu. Kwenye felowshipu wananiambia mwachie Mungu, nasema amina, asubuhi namwachia kufika saa sita nimechukua tena. Shangazi, kuachia ni kufanya nini haswa? Na mimi nikiacha nani atashika? – Mjane wa Busia*

Amina mwanangu, na pole sana. Pole ya mume nakupa kwanza kwa sababu barua yako inaongea juu ya mtoto na duka na kibanja lakini mi nilivyoisoma naona ile ajali iko kila mstari. Mtu ameamka asubuhi na bwana wake, jioni anaitwa mochwari, akili yake inajifunza hapo hapo kwamba ukigeuza macho kidogo tu kitu kinaondoka. Kwa hivo sasa hugeuzi macho. Watu wa felowshipu wanakuona mkali, pengine hata watoto, mi naona mtu ameogopa na hakuna aliyekaa naye chini akamuuliza unaogopa nini. Badala yake wamekupa neno moja, achia, kama vile unaambia mtu anayezama apumue.

Swali lako la mwisho ndo kubwa, nikiacha nani atashika. Hilo swali linaonyesha mahali pameuma. Ndani ya moyo huamini sana kama kuna mtu mwingine anashika, na sikulaumu, kwa sababu siku ya ajali uliomba pia nadhani, na mume hakurudi. Sasa mtu akikuambia mtegemee Mungu unasikia kama anakuambia mpe mtoto mtu ambaye mara ya kwanza alikuangusha. Mwambie Mungu hivo hivo. Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza Mungu umeniacha kwa nini na umelala mpaka lini, na hakuna aliyepigwa radi. Maombi ya adabu wakati moyo una hasira hayafiki mbali, unabaki unaongea na ukuta, na huwezi kumkabidhi kitu mtu ambaye hamuongei.

Sasa twende kwa kijana. Umeandika "tulikubaliana awe daktari". Nani na nani? Mi nadhani ulikubaliana wewe na marehemu, au wewe na woga wako wa kesho, kijana alikuwa na miaka kumi na kitu akasema ndio mama kwa sababu mama alikuwa analia. Sikusemi vibaya. Wazazi wengi Uganda hii wanafanya hivo, mtoto anachaguliwa kombinesheni kama anavyochaguliwa unifomu.

Kwenye Mwanzo 16 kuna mama anaitwa Sarai. Mungu ameahidi mtoto, wamekaa Kanaani miaka 10, mtoto hakuna. Ahadi ni ya kweli, haja ni ya kweli, kungoja kumezidi. Akafanya nini, akapanga mwenyewe, akampa mumewe Hajiri kijakazi. Na mpango ulifanya kazi kabisa, hapo ndo watu hawaoni! Mtoto alizaliwa, Abramu akiwa na miaka 86. Shida ilikuja baadaye, nyumba ikawa vita, Hajiri akakimbilia jangwani, Sarai naye hakupata raha hata kidogo, Isaka alipokuja kuzaliwa baba yake alikuwa na miaka 100 na mambo yalikuwa yameshaharibika. Kwa hivo usinielewe vibaya, kushika kila kitu mara nyingi kunaleta matokeo. Utajaza hiyo fomu na kijana ataenda udaktari. Afu utaishi na kijana ambaye hapendi kukaa na wewe meza moja.

Lakini kuna mama mwingine, huyu nampenda zaidi, mama yake Musa. Yuko kitabu cha Kutoka, sura ya 2. Farao ameamuru watoto wa kiume watupwe mtoni. Huyu mama hakusema namwachia Mungu akakaa. Kwanza alimficha mtoto miezi mitatu. Aliposhindwa kumficha akatengeneza kisafina cha manyasi, akakipaka lami maji yasiingie, akachagua mahali kwenye majani kando ya mto, na dada ya mtoto akasimama mbali kuangalia. Kila kitu mkono wake uliweza kufanya alifanya, hakuna kitu alilegeza. Afu akaondoa mkono. Hapo ndo kuachia, dakika ile mkono umetoka. Mto ni ule ule wetu unatoka hapa Jinja, na mtu yeyote amekaa karibu na Nile anajua hayo maji hayaongozwi na mama wa mtu.

Kwa hivo jibu la swali lako: kazi yako ni kisafina, lami yake ipake vizuri, lakini mto si wako.

Lami kwa kijana wako ni nini? Mwambie ukweli wa kazi, hiyo ni haki yako na ni wajibu wako kama mzazi. Mfano yeye amesoma PCB, yaani Hesabu hana kwenye kombinesheni, na uhandisi wa umeme chuo kikuu kama Makerere wanataka Fizikia na Hesabu. Amelijua hilo? Pengine njia yake ni chuo cha ufundi au diploma kwanza, aende akaulize mwenyewe, kwa miguu yake, arudi na karatasi akueleze wanataka nini na fizi ni ngapi na wewe useme unaweza kulipa kiasi gani. Pesa ni yako, kusema mi naweza mpaka hapa si kumtawala. Mkae na yule fundi pia umuulize kijana anafanyaje kazi, unaweza shangaa. Baada ya hapo fomu ajaze yeye. Simu mrudishie leo. Kama anafanya ujinga kwenye simu atafanya hata bila simu.

Na ujiandae, anaweza kuchagua vibaya. Sitakudanganya kwamba ukimwachia Mungu kijana atachagua utakacho wewe, hao wanaohubiri hivo wanakuuzia kutawala kwa njia ya mzunguko, unaachia ili upate. Baba wa yule mwana mpotevu alimpa mali akijua, akamwacha aende. Hakumfuata na orodha.

Kibanja sasa. Hapo nageuka kabisa, hapo shika! Kuna mashemeji wanapenda sana mjane mwenye imani, wanamwambia dada wewe ni wa Mungu usipigane. Hapana. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aandike kwamba unaishi hapo, tafuta cheti cha kifo na cha ndoa kama unacho, na uanze kuomba barua za usimamizi wa mirathi, ofisi ya Administrator General ndo inahusika na mambo ya mali za marehemu, watakuelekeza. Sheria ya urithi ilirekebishwa 2022 na inamlinda mjane asifukuzwe nyumba aliyokuwa anakaa na mumewe. Kwenye mfano wa Luka 18 mjane alienda kwa kadhi mara nyingi mpaka kadhi akachoka naye, na Yesu alimtumia kama mfano mzuri. Ona sasa kichekesho, kijana ambaye ungelegeza umembana, na kibanja ambacho ungebana umebaki unakililia usiku tu. Woga uko hivo, haujui kuchagua, unashika kilicho karibu.

Msichana wa duka sina mengi. Kama anaiba mwachishe, kama haibi mwache afanye kazi. Yethro alimkuta Musa anaamua kesi za watu wote peke yake toka asubuhi mpaka jioni akamwambia wazi utadhoofika kabisa, wewe na watu hawa. Na watu hawa! Anayechoka si wewe peke yako, hata huyo msichana anayepigiwa simu kila saa amechoka.

Kuhusu kuachia asubuhi na kuchukua saa sita, hapo umejihukumu bure. Soma Mathayo 26. Yesu bustanini aliomba kikombe kimuepuke, akasema si kama nitakavyo mimi bali kama utakavyo wewe. Akaenda akarudi, akaomba tena. Mara ya tatu akaomba, na Biblia inasema akisema maneno yale yale. Kama yeye alirudia mara tatu usiku mmoja wewe unataka kumaliza kwa amina moja ya Jumapili? Saa sita ukikuta umechukua, toa tena. Sema kwa sauti, ukiwa unakunja nguo, taja kitu kwa jina lake, Bwana huyu kijana, Bwana hii ajali. "Bwana nakupa maisha yangu yote" ni maombi makubwa sana kwa mtu aliyechoka, anza na kitu kimoja chenye jina. Na tafuta mama mmoja wa kumwambia ukweli. Wazee wetu wa uamsho, Balokole, yaani waliookoka, wale wa miaka ya 1930, felowshipu yao ilikuwa watu kukaa na kusemana ukweli na kutubu waziwazi, sio kurushiana mistari kama hivi siku hizi mtu akilia anapewa andiko anyamaze.

Halafu usingizi. Zaburi 127 inasema yeye humpa mpenzi wake usingizi, sawa, lakini kama moyo unapiga usiku na hulali wiki nyingi nenda kituo cha afya upimwe presha na uwaambie pia kuhusu kifo cha mume na mawazo, usiwaambie presha tu. Huzuni iliyokaa muda mrefu inatibika. Dawa haimfukuzi Roho Mtakatifu.

*Shangazi, mimi nilikuwa nafanya kiwandani hapa Jinja. Waliposema watapunguza watu nilifunga siku saba nikampa Mungu kazi yangu, nikaamini, nikashuhudia kanisani kabla hata haijatokea. Nilipunguzwa wa kwanza. Mchungaji akasema imani yangu ilikuwa na shaka ndani yake. Sasa nikisikia mtu anaimba tumaini naona uongo tu. Nimekosea wapi? – Baba wa watatu*

Kaka, sioni mahali umekosea. Mchungaji wako naona ametafuta mtu wa kulaumu na wewe ulikuwa karibu.

Wale vijana watatu wa Danieli 3, kabla ya tanuru walimwambia mfalme Mungu wetu aweza kutuokoa, hapo ndo mahubiri mengi yanaishia. Mstari wa 18 unaendelea, bali kama si hivyo. Walikuwa na imani na walikuwa hawana uhakika wa matokeo, vyote viwili kwa pamoja, na hakuna aliyewaambia mna shaka. Wewe ulifundishwa imani maana yake ni kujua mwisho, na mtu akishajua mwisho hana haja ya kumtegemea yeyote.

Na sisi Uganda hatuna haja ya kwenda Babeli. Vijana wa Namugongo walichomwa kwa ajili ya imani yao tarehe 3 Juni 1886, Charles Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, hakuna aliyekuja kuzima moto. Askofu mkuu Janani Luwum, mwaka 1977 yeye na maaskofu wenzake waliandika barua kumwambia Amin ukweli juu ya watu kuuawa. Hawakukaa wakaomba tu, waliandika. Mwezi huo huo wa Februari akauawa, serikali ikasema ni ajali ya gari. Siku hizi kila tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa. Sasa mchungaji wako asimame kwenye kaburi la Luwum kule Mucwini aseme imani yake ilikuwa na shaka.

Najua kiwanda si tanuru na wewe hukuomba ufe shahidi, uliomba uendelee kulipa pango. Sikupi hawa watu ili uone shida yako ni ndogo. Nakuambia tu kwamba kumtegemea Mungu na kupoteza vinaweza kukaa nyumba moja, na wanaokuambia haviwezi hawajasoma historia ya kanisa lao wenyewe.

Ukishindwa kuimba usiimbe. Kaa nyuma, wengine waimbe kwa ajili yako. Malipo yako ya kupunguzwa kazini umeshapewa yote? Ulizia akiba yako NSSF iko vipi, omba barua ya kuthibitisha miaka uliyofanya, na uambie watoto ukweli kwa kiasi chao maana wanaona baba yuko nyumbani saa nne asubuhi na wanajiuliza. Na mke je? Hukumtaja hata mara moja. Kama yupo basi mzigo huo ulishaubeba peke yako muda mrefu kuliko inavyotakiwa, na hiyo nayo ni kushika.

*Habari ya kazi Shangazi, mimi ni wa boda hapa Arua. Kuna mtumishi anatuhubiria stejini kila Jumatatu, anasema kijana aliyeokoka akiweka pesa Sacco anamwambia Mungu sikuamini, na helmeti ni ya watu wasio na malaika. Wenzangu wengine wameacha kuweka. Nifanyeje? – Rider*

Habari nzuri mwanangu. Huyo mtumishi kwake nyumbani mlango una kufuli? Muulize tu, kwa heshima.

Yusufu aliweka nafaka ya Misri miaka saba ya shibe kwa ajili ya saba ya njaa, na wazo la kuweka lilitoka kwenye ndoto Mungu alizompa Farao. Nehemia akijenga ukuta alisema tulimwomba Mungu wetu, tukaweka walinzi. Angalia hiyo sentensi, maombi na walinzi wamekaa pamoja bila kugombana. Anayemjaribu Mungu ni yule aliyeambia Yesu ajitupe toka juu ya hekalu malaika watamshika, na unajua alikuwa nani.

Akiba inageuka shida siku ukianza kuiangalia kila jioni kama vile ndo itakuokoa, au unanyima mama yako dawa ili hesabu isipungue. Hapo nitakuambia achia. Ila kijana wa boda anayeweka elfu mbili tatu kwa siku ili pikipiki ikiharibika asiende kwa wakopeshaji, huyo namsifu. Kabla ya kuweka uliza hiyo Sacco imeandikishwa wapi, viongozi ni nani na mahesabu yanasomwa lini mbele ya wanachama.

Helmeti vaa. Na ya abiria pia nunua, sheria inataka zote mbili.